Siku Shangazi Alipopanda Bei

Kazi ya Nuksi ilikuwa kuvunja vitu, na kila mwisho wa mwezi alipokea mshahara wa uharibifu huo bila kuona haya.

Si vyombo wala madirisha. Alivunja programu. Soko la hisa lilikuwa limeachana zamani na mambo ya kupigiana kelele ukumbini na kuandika bei ubaoni. Siku hizi hisa ziliuzwa na kununuliwa ndani ya mashine, na mashine ya zamani ilikuwa inakaribia kustaafu. Mpya ilikuwa inakuja. Mwaka mzima fundi wa programu aliandika, na Nuksi, katika chumba chenye dirisha dogo na feni inayolalamika, akaipokea kazi yake, akaigeuza, akaitikisa, akaiangusha, kisha akairudisha na karatasi: "Imeanguka mara nne. Ya tano imeanguka yenyewe, mimi nilikuwa nakunywa chai."

Jina la Nuksi alipewa hapohapo kazini, likamkaa kama kiatu cha kupimiwa. Fundi naye aliitwa Shwari, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa kila swali chini ya jua. Kazi imefika wapi? Shwari. Ule waya mbona unatoa moshi? Shwari.

"Shwari, kaka," Nuksi alimwambia siku moja, "programu yako nimeiambia kuna mtu anauza hisa nusu. Imezimia."

"Nani anauza hisa nusu?"

"Mtu aliyekosea kuandika."

"Basi ajifunze kuandika."

"Watu hawajifunzi, bwana. Programu ndiyo ijifunze."

Shwari alienda zake akinuna, lakini jioni ile programu ilikuwa imejifunza. Ndivyo walivyoishi, kama paka na panya wanaokula sahani moja.

Balaa la kazi ya kujaribu ni kwamba haina siku ya kushangiliwa. Mambo yakienda sawa, watu huuliza, huyu tunamlipa ya nini? Yakienda mrama, huuliza, huyu alikuwa wapi? Ni kama chumvi kwenye mchuzi: ikiwepo hakuna anayeisifu, ikikosekana kila mtu anageuka mpishi.

Mkurugenzi wa soko, mtu mrefu mwenye tai nyingi na subira kidogo, alikuwa mmoja wa wasiosifu chumvi. Ijumaa kabla ya mfumo mpya kuanza kazi, alisimama mlangoni kwa Nuksi, maana ndani pasingemtosha.

"Jumatatu tunafungua," alisema. "Mfumo huu umeuchelewesha mara tatu."

"Mara tatu ungeanguka, bosi."

"Ungejuaje?"

"Kwa kuujaribu."

Mkurugenzi alikaza tai. "Tufanye hivi. Ukisimama mpaka saa sita mchana bila kutetereka, maana yake umeshajaribiwa vya kutosha. Chumba hiki tutakifanya stoo, na kiti chako kitahamia kwenye dawati la kupokea simu za wateja."

"Na ukianguka?"

"Ukianguka, hutahitaji kiti."

Akaondoka. Nuksi alibaki akiiangalia feni. Ukipima ule mpango upande huu ni hasara, ukiugeuza upande wa pili ni hasara pia. Na chumba kile, kwa udogo wake wote, alikipenda. Ni pale tu duniani ambapo mtu angeweza kusema "hii haifai" na asionekane hana adabu. Kwenye dawati la simu ungetakiwa useme "samahani sana mteja wetu" mara mia kwa siku, na Nuksi tangu azaliwe alikuwa hajalimaliza neno samahani bila kucheka.

Hata hivyo hakuwa na wasiwasi na mfumo. Alikuwa ameuvunja kwa kila namna aliyoijua, na kila namna ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lake, ambalo jalada lake lilisomeka: Daftari la Balaa.

Tena kulikuwa na Kitufe Chekundu. Hiki kilikuwa mezani katika chumba cha mitambo, ndani ya kisanduku cha kioo. Ukikibonyeza, soko zima linasimama: hakuna anayeuza, hakuna anayenunua, mpaka lifunguliwe upya. Kilihitaji watu wawili, mmoja azungushe ufunguo na mwingine abonyeze, ili mtu mmoja aliyeachwa na mchumba asije akasimamisha uchumi peke yake. Tangu kiwekwe hakikuwahi kubonyezwa siku ya kazi. Karani wa Mkurugenzi alishaweka chungu cha maua ya plastiki juu ya kisanduku, eti papendeze.

Ni Nuksi aliyeng'ang'ania kifanyiwe mazoezi. Jumamosi tatu mfululizo waliendesha soko la uongo kwenye mashine mpya, wakalisimamisha, wakalisafisha, wakalifungua, Shwari akiwa ameshika saa. Mara ya kwanza dakika hamsini na mbili, na mtu mmoja alitoka machozi. Mara ya tatu, dakika kumi na tisa.

"Mnafanya mazoezi ya kuanguka?" Mkurugenzi aliwahi kuchungulia na kuuliza.

"Anayejua kuanguka ndiye asiyevunjika, bosi."

"Mimi nimeajiri watu wa kusimama," alisema, na mlango ukafungwa.

Sasa, soko la uongo linataka kampuni za uongo, na desturi ya kazi ile ni kwamba anayeitunga kampuni ndiye anayeipa jina. Hapo watu wazima hurudi utotoni. Kulikuwa na Kiatu Kimoja, watengenezaji wa viatu. Kulikuwa na Mama Mkwe Mabati, Leo Kesho Usafirishaji, Hewa Safi Matairi, na kampuni ya magodoro iitwayo Usingizi wa Pono. Zote zilitanguliwa na herufi mbili, MJ, yaani majaribio. Herufi zile zilikuwa na kazi moja. Majaribio yakiisha, kijiprogramu walichokiita Ufagio kingepita na kufuta kila kilichoanza na MJ, ili wageni wakija nyumba iwe safi.

Kampuni ya sita ilikuwa ya Nuksi mwenyewe. Nayo aliiita Shangazi na Wanawe.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Alimlea Nuksi tangu akiwa na miaka sita, pamoja na wanawe wawili ambao sasa wameoa na kuhama, na ndoto yake ya siku zote ilikuwa duka lenye ubao mkubwa mbele: Shangazi na Wanawe. Hao wana walijua kushona? Hata kifungo. Lakini ndoto haiulizwi vyeti. Duka lenyewe lilikuwa baraza la nyumba yake, na ubao haukuwahi kupatikana, maana kila ulipotaka kupatikana kulitokea ada ya shule ya mtu, hasa ya mtu mmoja ambaye sasa analipwa kwa kuvunja vitu.

Kwa hiyo Nuksi alimtungia kampuni. Na kwa kuwa kampuni ya uongo huhitaji muuzaji wa uongo, aliandika kijiprogramu kiitwacho Binamu, akakifunga kwenye kampuni ile kama mkia. Kazi ya Binamu ilikuwa kuuza hisa za Shangazi na Wanawe mchana kutwa, na kila akiuza, anapandisha bei kidogo. Binamu hakuwa na hisa hata moja. Alikuwa mfanyabiashara kamili.

Wiki moja kabla ya ufunguzi, Shangazi alikuja pale kazini. Alikuwa amepewa kazi ya kushona makoti mapya ya watu wa mapokezi, akaja kupima mabega. Alipomaliza alipanda ngazi hadi chumba cha majaribio, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, akaonyeshwa kampuni yake kwenye kompyuta. Alisoma polepole. Uso ukachanua, kisha ukakunjamana.

"Hii MJ ni nini?"

"Alama tu, Shangazi. Maana yake majaribio."

"Mbona umenitangulizia herufi kama gari la serikali?"

"Kampuni zote za humu zinayo."

"Mimi si majaribio," alisema Shangazi. "Nimekulea miaka kumi na tisa. Hayo yalikuwa majaribio?"

"Hapana, Shangazi."

"Ulipougua surua nikakesha nawe, nilikuwa najaribu?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi toa hicho kidudu, unichapie karatasi nikaitundike."

Nani angekataa? Nuksi alifuta herufi mbili, akachapa karatasi nzuri yenye jina, bei na mshale wa kijani unaoelekea juu. Shangazi akaikunja kama cheti cha ndoa, akaishika kifuani, akatoka. Nuksi akajiambia, MJ nitairudisha sasa hivi. Hapohapo Shwari akaingia na toleo jipya lililohitaji kuvunjwa, na "sasa hivi" ikaenda inakoendaga.

Jumamosi mchana, mazoezi yalipokwisha, wakapitisha Ufagio. Kompyuta ikaandika: Kampuni tano zimefutwa. Nuksi akasoma kwa sauti, "Tano," Shwari akajibu "Shwari," wakazima taa, wakaenda zao wakicheka. Mnaijua ile hadithi ya mtu aliyehesabu punda wake akamsahau yule aliyempanda? Basi, punda wa Nuksi aliingia naye Jumatatu.

Na Jumatatu ilipendeza. Ukumbi ulifagiliwa ukang'aa, wageni walijaa, keki ilikuwa na umbo la mshale unaopanda. Watu wa mapokezi walivaa makoti mapya, na Shangazi alikuwepo na sindano yake, maana koti moja lilikosa kifungo dakika za mwisho. Mbele ya wote kulikuwa na skrini kubwa kama ukuta, ikionyesha kampuni zinazopanda bei zaidi. Saa tatu na nusu Mkurugenzi akapiga kengele. Mashine mpya ikaamka. Bei zikaanza kutiririka, watu wakapiga makofi, naye Mkurugenzi akaikaza tai mpaka rangi ya uso ikabadilika.

Juu, Nuksi alikuwa anaangalia mambo yote kwenye kompyuta yake. Mlango ukagongwa. Mhudumu wa ofisi.

"Nimekuja kuchukua kiti."

"Tuliambiwa saa sita!"

"Mimi nimeambiwa leo. Hawakusema saa. Nina mizigo mingi, dada yangu, nianze na chepesi."

Kiti kikaondoka. Nuksi akabaki amesimama, ameinama mbele ya kompyuta kama mtu anayetafuta sindano, na akiwa katika hali hiyo ndipo alipoona. Saa tatu na dakika arobaini na moja, juu kabisa ya orodha, na mshale wa kijani:

SHANGAZI NA WANAWE.

Kwanza alitabasamu, kama mtu anavyotabasamu akiona jina la kwao. Kisha tabasamu likamkauka midomoni. Kampuni tano zimefutwa. Tano! Akahesabu kwa vidole, Kiatu, Mama Mkwe, Leo Kesho, Matairi, Godoro, na kidole cha sita kikamwangalia.

Binamu alikuwa ameamka soko lilipofunguka. Alikuwa anauza. Na wanunuzi hawakuwa wa uongo tena. Siku hizi madalali wa hisa nao wana kompyuta zinazonunua zenyewe. Zikiona kitu kinapanda zinakirukia bila kuuliza kinauza nini. Mfumo ulikuwa na kizuizi cha kuzuia hisa yoyote isipande kupita kiasi kwa siku, lakini kizuizi kile hulinganisha bei ya leo na ya jana. Shangazi na Wanawe haikuwa na jana. Hakukuwa na cha kuishika.

Nuksi alishuka ngazi mbilimbili.

Ukumbini mambo yalikuwa matamu. "Jamani!" Shangazi alikuwa anapiga kelele, sindano hewani. "Mimi huyo! Mimi hapo juu!"

"Ni kampuni yako, mama?" mgeni mmoja aliuliza.

"Kwani unaona jina la nani?"

"Na uongozi wake uko imara?"

"Imara sana. Si unaniona nimesimama?"

Mkurugenzi, ambaye hakusikia vizuri, alikuwa anawaelekeza wageni kwa mkono mpana. "Mnaona? Mfumo mpya! Hata kampuni ndogo za akina mama zinapaa!"

Nuksi aliwapita kama upepo, akaingia chumba cha mitambo. Shwari alikuwa ameegemea kiti, kikombe mkononi.

"Shwari, angalia iliyo juu."

Shwari akaangalia. Kikombe kikatua mezani taratibu sana.

"Ile si..."

"Ndiyo ile."

"Na anayeuza ni..."

"Binamu."

Shwari akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, neno lake lilikataa kutoka. "Si shwari," alisema. "Dada, si shwari kabisa."

"Tusimamishe."

"Ngoja. Niifute kimyakimya huku soko linaendelea. Nani atajua?"

"Balaa namba ishirini na saba," alisema Nuksi. Daftari halikuhitaji kufunguliwa. "Kufuta kampuni soko likiwa wazi. Mwezi wa pili nilikufanyia, mashine ikalala kwa saa nne nzima. Wewe mwenyewe uliniita mchawi."

Mlango ukafunguka, Mkurugenzi akaingia akitabasamu kwa ajili ya wageni walio nyuma ya kioo. Aliufunga, tabasamu likabaki nje.

"Mbona unakimbia mbele ya watu?"

"Bosi, ile kampuni ya juu haipo. Ni ya majaribio. Watu wananunua hewa, na kila dakika wanauziana hewa hiyo wao kwa wao. Tukisimama sasa, tutafuta mauzo yake yote, hakuna atakayeumia. Tukingoja nusu saa, hatutajua nani kamuuzia nani nini."

"Tusimame? Leo? Na keki haijakatwa?"

"Sasa hivi."

Mkurugenzi aliangalia kioo, akaangalia skrini. Shangazi na Wanawe ilikuwa imeipita kampuni ya saruji. "Nani amefanya hivi?"

Shwari akamsogelea Nuksi, akanong'ona, "Sema ni mfumo. Mfumo hauna mdomo."

Nuksi aliwaza kiti chake, kilichokuwa wakati ule kinapelekwa ghorofa ya chini kichwachini miguujuu. Akawaza chumba chenye feni. Angesema mfumo, angepona. Mfumo ungechunguzwa wiki nzima, madalali wangeogopa kila bei wanayoiona, na kosa lenyewe, herufi mbili tu, lingebaki limelala likingoja Jumatatu nyingine. Mwaka mzima alikuwa anamwandikia Shwari ukweli kwenye karatasi. Leo karatasi ilikuwa yake.

"Mimi," alisema. "Ni kosa langu, bosi. Niliondoa alama nimfurahishe Shangazi, nikasahau kuirudisha. Nifukuze baadaye. Sasa hivi naomba uondoe hayo maua."

Sijui ni kwa nini Mkurugenzi alitii. Pengine hakuwahi kumsikia mtu akisema "ni kosa langu" katika jengo lile, akapigwa na mshangao. Alinyanyua chungu cha maua ya plastiki, akakikumbatia. Shwari akazungusha ufunguo. Nuksi akabonyeza.

Ukumbini bei zote ziliganda. Skrini ikaandika: SOKO LIMESIMAMA KWA MUDA. Ukasikika ukimya wa watu mia, na katikati ya ukimya huo sauti ya Shangazi: "Ndio nimefika mwisho, au?"

"Saa!" Nuksi alisema.

"Saa tatu na dakika arobaini na sita," Shwari akajibu, na ghafla wote wawili wakatulia, maana jambo hili walikuwa wameshalifanya mara tatu. Mikono ilijua njia. Shwari akaanza kuvuta orodha ya mauzo. Nuksi akaandika tangazo la madalali. Mkurugenzi, na maua yake, akasoma juu ya bega.

"Andika hitilafu ya kiufundi," alisema.

"Wakisoma hitilafu ya kiufundi, bosi, watadhani kila kitu kimeoza, watakaa nje mpaka kesho. Tuwaambie kilichooza ni kipi."

Akaandika: "Kampuni ya majaribio, Shangazi na Wanawe, imebaki sokoni kwa kosa la chumba cha majaribio. Kampuni hii haipo. Mauzo yake yote yanafutwa. Kampuni nyingine zote ziko salama na mauzo yake yanabaki. Tunafungua saa nne na dakika tano." Akatuma.

"Unajuaje ni saa nne na dakika tano?" Mkurugenzi aliuliza.

"Dakika kumi na tisa. Ile Jumamosi ya tatu."

Simu ikalia. Mkurugenzi akaipokea kama mtu anayepokea nyoka. Aliyepiga alikuwa dalali mkubwa kuliko wote, mzee mkali anayejulikana kwa kukata simu kabla ya salamu. Mle chumbani wote walimsikia. Alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Yaani nimenunua shangazi wa mtu?"

"Ndiyo, mzee, tunasikitika..."

"Kwa bei ile? Shangazi yangu mwenyewe nisingemnunua hata kwa nusu yake! Haya, futeni. Mmewahi. Safari ile ya mashine ya zamani tulikaa siku mbili tunaambiwa hitilafu, hitilafu. Saa nne na tano, sivyo? Nawasubiri." Akakata.

Saa nne na dakika moja mauzo yote ya Binamu yalikuwa yamefutwa. Saa nne na dakika mbili Nuksi akairudishia kampuni herufi zake mbili, Ufagio ukapita, kompyuta ikaandika: Kampuni moja imefutwa. Nuksi akahesabu kwa kidole. Moja. Shwari naye akahesabu kwa kidole chake. Wakamshikisha na Mkurugenzi kidole. Moja.

Saa nne na dakika tatu Shwari alisema, "Tayari. Nifungue?"

"Tulisema na tano."

"Dakika mbili tu!"

"Tulisema na tano."

Wakasubiri, watu watatu na chungu cha maua, bila kupumua sana. Saa nne na dakika tano ufunguo ukarudi, na bei zikaanza tena kutiririka, za saruji, za benki, za sukari, kila moja pale ilipoachwa. Ukumbini makofi yalipigwa kuliko ya mwanzo. Kwenye ufunguzi wageni walikuwa wameona mashine ikifanya kazi, jambo ambalo hata feni inalifanya. Sasa walikuwa wameiona inasimama na kuamka.

Nuksi alimkuta Shangazi karibu na keki.

"Nimefilisika?" Shangazi aliuliza.

"Umefutwa, Shangazi."

"Nilifika wapi?"

"Uliipita saruji."

Shangazi akatafakari huku akitafuna. "Basi si haba," alisema. "Kuna watu wanazikwa hawajaipita saruji."

Saa sita kamili Mkurugenzi alipanda ngazi hadi chumba chenye feni. Safari hii aliingia, akajibana. Tai ilikuwa mfukoni. Akatafuta pa kukaa, hakuona.

"Kiti kiko wapi?"

"Kimeshahamia kwenye simu, bosi. Kiliniacha saa tatu na nusu."

Mkurugenzi akageuza boksi la karatasi, akalikalia, magoti yakamfika kidevuni. Nuksi alikuwa ameshafungasha: kikombe, daftari, jaketi.

"Umetuvurugia soko," alisema Mkurugenzi.

"Ndiyo, bosi."

"Na bila yale mazoezi yako ya kuanguka, mpaka sasa tungekuwa tumelala chini." Akanyoosha mkono. "Hilo daftari. Kuna mangapi humo?"

"Sitini na tatu. Na la leo, sitini na nne."

"Na dawa yake?"

"MJ iwekwe na mashine yenyewe, isitolewe na mtu yeyote, hata akiwa na shangazi. Na kabla ya kufungua, mashine ikatae kampuni yoyote isiyo na bei ya jana, mpaka watu wawili waitaje jina kwa sauti."

"Andika." Mkurugenzi akafungua daftari ukurasa wa kwanza. "Namba moja. Panya kukata waya. Hili limewahi kutokea?"

"Bado."

"Soma," alisema, akijiweka sawa kwenye boksi. "Soma yote." Kisha akatoa kichwa mlangoni, akaita kwa sauti iliyofika hadi mapokezi, "Kirudisheni kiti! Na mlete na kingine!"

Walifika namba ishirini na saba boksi likapasuka. Nuksi akaliandika pia.

Tangu hapo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi soko huangushwa kwa makusudi, na Mkurugenzi ndiye anayeshika saa. Maua ya plastiki yamehamia dirishani. Shwari bado anajibu shwari, ila sasa anahesabu kwa vidole kwanza.

Na Shangazi? Wiki ile yule dalali mkali alikuja barazani kwake kushonesha suti, akisema anataka kumwona kwa macho mtu aliyemnunua. Wengine nao wakaja. Baada ya miezi miwili ubao ulipatikana, mkubwa, wa rangi ya bluu, na mchoraji akauliza aandike nini. Nuksi alikuwepo siku unapigwa misumari. Alipousoma alicheka mpaka akashika ukuta.

MJ SHANGAZI NA WANAWE.

"Shangazi! Si ulisema herufi hizo hutaki kuziona?"

"Nilikuwa sijui kazi yake," alisema Shangazi, akirudi nyuma hatua tatu kuutazama ubao wake. "Bila hizo soko zima lilianguka kifudifudi. Mimi na baraza langu hili tujifanye nani? Shika ngazi hiyo vizuri, usije ukaivunja."